Mguu Niponye

Chini ya kitanda cha baba mkubwa, kule Bunda, kipo kiatu cheusi cha ngozi cha mguu wa kushoto. Mwenzake wa kulia alikwisha soli zamani akatupwa, kwa sababu mguu wa kulia ndio uliobaki. Hiki cha kushoto bado kinang'aa. Kila Jumamosi jioni mzee hukitoa, hukifuta vumbi, hukipaka rangi, hukirudisha. Sijawahi kumuuliza kwa nini, na nadhani sitamuuliza.

Mguu ule ulianza kuondoka jioni moja alipotoka shambani na kandambili zake. Aliingia ndani, akaketi, akaomba maji. Binti yake alipoleta maji aliona matone ya damu sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Mzee naye akayaona, akauliza ni nani aliyechinja kuku akampitisha sebuleni. Kigae cha chupa kilikuwa kimezama kwenye unyayo wake, naye hakuwa na habari. Ganzi ilikuwa imeshamla miguu kwa miaka, na sukari ilikuwa imeshakaa katika damu yake kwa miaka mingi zaidi, bila kupiga hodi. Siku ile ndipo alipopimwa kwa mara ya kwanza maishani. Kidonda kikakataa kupona. Vikaondoka vidole, kisha ukaondoka mguu chini ya goti.

Huyu ni mtu aliyeishi kwa miguu. Ujanani alikuwa akifuata msimu wa pamba, akizijua njia za Kibara na Kisorya kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba yake, usiku au mchana. Alikuwa akitoka alfajiri na kiporo cha ugali wa muhogo na mtama, akirudi jua likiwa limezama ziwani. Kisha akapata kiwanja mjini, akafungua duka kando ya barabara kuu ya Mwanza na Sirari, akanunua kiti. Tulifurahi sote. Mzee amepumzika, tulisema. Alikaa kwenye kiti kile miaka ishirini, chai ikiwa mkono wa kulia, magunia ya sukari yakiwa nyuma yake, na mbele yake bodaboda aliyempeleka hata msikitini, mwendo wa dakika tano.

Kiswahili kina msemo wa mtu anayeikimbia hatari: mguu niponye. Mtu haombi mkono umponye, wala jicho. Anauomba mguu. Nimekuwa nikiutafakari msemo huu tangu siku ile ya damu sakafuni, kwa sababu kisukari cha aina ya pili, ugonjwa unaoongoza watu wengi hadi kwenye kukatwa miguu, ndio ugonjwa ambao mguu wenyewe, ukitumika mapema, una uwezo mkubwa wa kuuzuia.

Tunausahau upesi ukweli kwamba ugonjwa huu haukuwa wetu kwa kiasi hiki. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha kazi ya Donald McLarty, daktari kutoka Scotland aliyefanya kazi Muhimbili, na wenzake Watanzania, miongoni mwao Andrew Swai na Henry Kitange. Walikuwa wamekwenda vijijini na kupima sukari katika damu za watu zaidi ya 6,000. Waliokutwa na kisukari walikuwa chini ya mtu 1 kwa kila 100. Kundi hilohilo liliendelea kuchunguza vihatarishi vya maradhi ya moyo kwa watu zaidi ya 8,000 katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Mara yetu hii. Likakuta vihatarishi hivyo ni vichache: watu wembamba, mafuta machache katika damu. Watu wale hawakuwa wakifuata ushauri wa mtu yeyote. Walikuwa wakilima kwa jembe la mkono, wakichunga, wakivuta makokoro, wakitembea kwenda gulioni na kurudi.

Halafu mwaka 2012 taifa likapima tena, safari hii nchi nzima, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Waliokutwa na kisukari walikuwa 9.1 kwa kila 100. Umri wa waliopimwa haukuwa sawa na wa awali, wala mahali, kwa hiyo si haki kuichukua namba moja na kuigawanya kwa nyingine. Lakini mtu yeyote aliyekulia Musoma hahitaji hesabu hiyo. Anakumbuka utoto wake, ambapo mwenye kisukari alikuwa mmoja mtaa mzima, mtu wa ofisini, na ugonjwa wake ukitajwa kama cheo. Leo msiba ukitokea Nyasho au Bweri watu huulizana kwa sauti ya chini, "Ilikuwa presha au sukari?"

Katikati ya tarehe hizo mbili kuna utafiti mwingine ninaourudia mara kwa mara kichwani. Mwaka 1996 na 1997 walipimwa watu wa Ilala, Dar es Salaam, na watu wa Shari, kijiji cha Kilimanjaro. Mjini walikutwa takriban 6 kwa kila 100. Kijijini walikuwa kati ya 1 na 2. Damu ni ya taifa moja, miaka ileile. Na watafiti walipowafuata watu waliokuwa wakihama vijiji vya Morogoro kwenda Dar, waliona jambo linaloeleza mengine yote: ndani ya mwaka mmoja tu wahamiaji walikuwa wameongezeka uzito wa zaidi ya kilo 2, na wanaume wanaofanya kazi nzito za mwili walishuka kutoka karibu 8 kwa kila 10 hadi chini ya 3. Mwaka mmoja. Hata shuka za kijijini zilikuwa hazijachakaa.

Baba mkubwa hakuhamia Dar. Alihama kutoka njia za Kibara kwenda kwenye kiti, na kumbe ni safari ileile.

Sisi wa Mara tumebahatika kuwa na kumbukumbu ya kutembea ambayo taifa zima linaijua. Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere, rais aliyekuwa na magari na ndege, alitoka nyumbani kwake Butiama akaenda Mwanza kwa miguu kuliunga mkono. Ni zaidi ya kilomita 200. Alikuwa na miaka 45. Wazee wa huku wanapoisimulia safari ile hutaja siasa kidogo sana. Wanataja vumbi, fimbo, na namna ambavyo watu wa njiani walijiunga, wengine kwa maili moja, wengine hadi giza lilipoingia. Hakuna aliyeiona kama mazoezi. Kutembea kulikuwa namna ya kumaanisha jambo. Ukitaka mtu ajue kwamba unampenda, kwamba umemheshimu, kwamba neno lako ni la kweli, ulimwendea kwa miguu. Yeye mwenyewe, kijana wa miaka 12, alikuwa amepelekwa shule Mwisenge, Musoma, karibu kilomita 40 kutoka kwa mama yake, katika zama ambazo umbali wa namna hiyo ulikuwa kazi ya nyayo.

Sisemi kwamba kutembea hukinga kila kitu. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, ugonjwa usiojali nani alitembea na nani alipanda gari. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na heshima ya mguu, tukaiacha, na hatukuona kuwa tumeacha kitu.

Niliwahi kumwomba muuguzi mmoja anieleze kinachotokea mwilini, akanieleza kwa maneno ya darasani nikaitikia bila kuelewa. Nilielewa baadaye, peke yangu, nikiwa nimesimama mwaloni Mwigobero asubuhi mitumbwi ikishusha samaki. Fikiria mwalo. Mitumbwi inaleta sato, na huo ndio mlo wetu ukishasagwa kuwa sukari na kuingia kwenye damu. Wanunuzi ni misuli. Katikati yao yupo dalali anayepaza sauti ili mali itoke ufukweni iingie majumbani, na dalali huyo ni insulini, anayetumwa na kongosho. Mnunuzi mwenye njaa hahitaji kelele nyingi. Ananunua, anakwenda kupika. Lakini mnunuzi ambaye hajapika tangu juzi, mwenye majokofu yaliyojaa, anafunga mlango. Dalali anapaza sauti zaidi. Mitumbwi haijui, inaendelea kushusha. Miaka inapita, dalali sauti imemkauka, na samaki wamejaa ufukweni wakiharibika na kuharibu kila kinachowagusa: mishipa midogo ya macho, ya figo, ya miguu.

Jambo la ajabu, ambalo wanasayansi wamelithibitisha, ni hili: msuli unaofanya kazi hununua hata bila dalali. Mtu anapotembea kwa kasi, misuli ya mapaja hufungua mlango wake wenyewe na kuvuta sukari kutoka kwenye damu, insulini ikiwa nyingi au kidogo. Ndiyo maana matembezi ya robo saa baada ya chakula cha usiku si mapambo. Ni mnunuzi aliyetokea mwaloni jioni, wakati dalali alikuwa amekata tamaa.

Upande wa mitumbwi nao una historia yake, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakilaumiwa kwa ulafi.

Sukari kwetu si kiungo. Ni salamu. Mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu, na mfuko wake, ukiufungua, una kilo mbili za sukari na majani ya chai. Msibani sukari huingia jikoni kabla ya maneno ya pole kwisha. Mgeni akifika, mtoto hutumwa dukani mbio kuleta soda, kwa maana kumpa mgeni maji matupu ni kumwambia kwamba hatukukutarajia na hatukufurahi. Ukiwachunguza vijana wanaodhani desturi hii ni ya kale na kale utagundua hawajaambiwa habari za miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, hazina ilikuwa tupu, na sukari, sabuni na khanga vikawa vitu vya kupangiwa foleni tangu usiku. Huku kwetu, mpaka wa Kenya ukiwa karibu, sukari ilipita njia za magendo gizani, na Waziri Mkuu Sokoine alipoanza kuwasaka wahujumu uchumi mwaka 1983 kuna waliofukia mifuko yao au kuimwaga. Mama yangu ananiambia waliwahi kunywa chai kwa kulamba chumvi. Kizazi kilichopita hapo, siku sukari iliporudi madukani, kingewezaje kumpenda mtu bila kumtilia vijiko vinne? Shangazi yangu wa Butiama anapokoroga chai yako anakuambia kwamba shida imekwisha. Ukimwambia "bila sukari, shangazi," ni kama umemwambia kwamba bado tuko foleni.

Na kuna hofu nyingine iliyokuja nyuma ya ile. Ng'ambo ya ziwa hili, mkoani Kagera, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983. Kwa miaka ishirini iliyofuata kukonda kulikuwa tangazo la kifo. Mtu aliyepungua alianza kuchunguzwa kwa macho, akanong'onwa. Aliyenenepa alikuwa ametoa ushahidi wa afya hadharani. "Umenawiri!" tulisema, na tulimaanisha kwamba tumeshukuru Mungu. Kitambi kikawa cheti. Kwa hiyo mtu anapoambiwa na daktari apunguze kilo tano, anaambiwa atembee mtaani akiwa na sura ambayo kwa miaka mingi ilimaanisha jambo lingine kabisa. Bango la hospitali halijui hayo. Linasema tu kula mlo kamili, fanya mazoezi.

Mabango hayo yananiuma kwa sababu nyingine pia. Yamechorwa kana kwamba mgonjwa wa kisukari ni mtu mnene mwenye gari. Wapo wembamba kama fito wanaougua, waliorithi udhaifu wa kongosho, na wapo waliozaliwa wadogo mno kwa sababu mama zao walishinda njaa wakiwa wajawazito. Mwili uliojifunza umaskini tumboni hupata taabu ukikutana na sembe nyeupe na soda utu uzima. Maskini hali wanga mwingi kwa kupenda. Anaula kwa kuwa ndio unaoshibisha kwa bei anayoiweza, na mwezi wa Agosti, mchicha ukiwa umekauka bustanini, fungu moja la mboga linaweza kumshinda.

Wala sitaki kusema turudi kwa mababu na mambo yatakuwa mazuri. Ugali wa muhogo nao ni wanga, na ukila mlima wake kisha ukaketi utapandisha sukari. Uji wa ulezi na ugali wa mtama vina nyuzinyuzi zinazopunguza mwendo wa sukari kuingia kwenye damu, hilo ni kweli na ni faida, ila babu hakuponywa na mtama peke yake. Aliula kisha akaufanyia kazi. Hali kadhalika siililii mitungi ya maji. Wasichana wa Butiama walipandisha maji vilima vile wakipoteza masomo na migongo, na mradi wa kuleta maji ya ziwa kutoka Mugango hadi Kiabakari na Butiama ni neema ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeombea ikauke kwa ajili ya mazoezi. Nataka miguu iliyoachwa huru na bomba ipate kwingine kwa kwenda, basi.

Mwaka juzi nilipimwa mwenyewe. Ilikuwa Musoma, asubuhi, kabla ya kula, tone moja la damu kidoleni. Kimashine kikaandika 6.4. Muuguzi, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa mimi, akaniambia: "Hujaumwa, baba. Ila uko mpakani." Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, asubuhi bila chakula, chini ya 6.1 ni salama, na 7.0 au zaidi ikijirudia ni kisukari. Katikati hapo ndipo nilipokuwa nimesimama.

Mpakani. Kwa mtu wa Mara neno hilo lina picha kamili. Nimesimama Sirari mara nyingi. Nimeona mtu akinunua sabuni upande wa pili na kurudi kabla ya saa sita, na nimeona mwingine aliyevuka siku moja tu kutafuta kazi, asionekane tena hadi alipoletwa kwenye jeneza. Mpakani unaweza kugeuka. Hakuna anayekuuliza karatasi ukigeuka.

Na kugeuka huku kumepimwa, si maneno ya kufarijiana. Katika mji wa Da Qing nchini China, tangu mwaka 1986, walichukuliwa watu 577 waliokuwa mpakani kama mimi, wengine wakasaidiwa kubadili mlo na kutembea zaidi. Walipofuatiliwa kwa miaka 30, wale waliosaidiwa kisukari kiliwachelewa kwa takriban miaka minne, na walioishia kufa kwa maradhi ya moyo walikuwa wachache zaidi. Ufini ikarudia na watu 522 na kutoa majibu mwaka 2001. Marekani ikarudia na watu 3,234, majibu yakatoka 2002. Nchi hizo mbili, vyakula tofauti, baridi tofauti, zikakuta jambo moja: waliobadili mwenendo walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kule Marekani kundi jingine lilipewa vidonge vya metformini. Vilisaidia pia, kwa asilimia 31. Miguu na sahani viliishinda dawa karibu mara mbili.

Na walichotakiwa kufanya Wamarekani wale hakikuwa cha mashujaa. Kupunguza uzito kwa asilimia 7, ambayo kwa mtu wa kilo 80 haifiki kilo 6. Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Nilipolisoma hilo niliona haya, kwa sababu baba mkubwa ujanani alizimaliza dakika hizo kabla ya kufungua kinywa.

Lakini walikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho: mtu wa kuwafuatilia. Kila mmoja alikuwa na mshauri aliyemjua kwa jina, aliyemuuliza wiki hii imekwendaje. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Mtu mmoja akibadilika peke yake ndani ya nyumba ambayo haijabadilika, ni kama mtu anayepiga kasia huku wenzake wametia nanga. Nilipoanza kutembea alfajiri kuelekea Makoko, majirani walimuuliza mke wangu kama gari limeuzwa. Nilipopunguza ugali hadi ukubwa wa ngumi na kuijaza nusu ya sahani kisamvu na mnavu, mama alidhani ninalalamikia upishi. Mke wangu ndiye aliyenyoosha mambo. Aliacha kupakua sahani mbili tofauti. Watu wote nyumbani sasa wanakula mboga kwanza, dagaa au furu kwa wingi, ugali wa dona kidogo, na soda imebaki kuwa ya Krismasi na Idi. Chupa moja ya soda huwa na sukari ya takriban vijiko vinane vya chai, na siku nilipowapimia watoto vijiko hivyo kwenye glasi ya maji, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyetaka kuionja.

Chai ilinishinda kwa muda mrefu kuliko vyote. Nilitoka vijiko vitatu hadi viwili, nikakaa hapo miezi, nikashuka hadi kimoja, nikakwama. Ulimi una kumbukumbu ya ukaidi. Lakini asubuhi moja, bila kutangaziwa, nilinywa chai ya tangawizi isiyo na kitu nikasikia ladha ya majani ya chai yenyewe, ile harufu ya jani lililochomwa na jua. Nilikuwa na miaka 51 na sikuwahi kuijua.

Kutembea kwa mke wangu kulikuwa kugumu kuliko kwangu, na hili wanaume hatulisemi. Mwanamke wa makamo akionekana anatembea kasi alfajiri na raba, bila beseni kichwani na bila mtoto mgongoni, anaulizwa anakwenda wapi. Kutembea bila kwenda kokote hakuna jina la heshima kwake. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa taifa, na nakumbuka tangazo hilo lilivyowasaidia wanawake kwa namna ambayo huenda hata waliolitangaza hawakuikusudia: liliwapa ruhusa. Sasa wanawake wa kikundi cha mke wangu cha kuweka na kukopa huanza mkutano wao kwa kutembea. Wanakutana saa kumi na mbili kasorobo, wanatembea kando ya ziwa, wanahesabu fedha wakiwa na jasho. Asiyetembea hatozwi faini, ila anapitiwa nyumbani. Kupitiwa nyumbani kunatosha.

Laiti wakubwa wetu wa mji wangewatengenezea pa kukanyaga. Barabara kuu inapita katikati ya Bunda, malori yakienda na kurudi, na mtembea kwa miguu ameachiwa ukingo wa changarawe anaogombania na bodaboda. Tunamwambia mtu atembee, kisha tunamnyima mahali pa kuweka mguu. Ningekuwa na kauli katika halmashauri yoyote ya mkoa huu ningeomba njia ya waenda kwa miguu na miti ya kivuli kabla ya kuomba mashine yoyote ya hospitali, na ningeomba kila zahanati iwe na vibanzi vya kupimia sukari mwaka mzima, ili mtu wa miaka 40 asisubiri kigae cha chupa kimwambie.

Namba yangu ya mwisho ilikuwa 5.6. Naiandika hapa nikijua kwamba inaweza kupanda, kwa kuwa mpaka haujahama, mimi ndiye niliyesogea.

Mwezi uliopita nilikwenda Butiama kumwona shangazi. Ni dada wa baba mkubwa, mzaliwa anayemfuata. Safari hii sikubeba sukari, nilibeba ulezi na dagaa, na moyo ulikuwa ukinidunda kama wa mtoto aliyevunja chungu. Nilishuka kwenye gari mbali kidogo na kwake, nikatembea kati ya yale majabali makubwa, jua likiwa limeanza kulegea. Alinisikia kabla hajaniona.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sikusikia gari?"

"Nimekuja kwa mguu."

Alinitazama. Akapokea mfuko, akauonja uzito wake, akaupeleka ndani bila kuufungua. Alirudi na kigoda na beseni la maji, kama walivyofanyiwa wasafiri wa zamani, akaliweka mbele yangu. Nilivua viatu. Vumbi la Butiama lilikuwa limeingia hadi katikati ya vidole. Alisimama pale, mikono kiunoni, akiiangalia miguu yangu majini, wa kulia, kisha wa kushoto. Wa kushoto akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kukoroga uji.